Kura Mbili za Nyumba Moja

Etelvina alipiga kura ya uhuru saa mbili asubuhi, tarehe thelathini Agosti, mwaka wa tisini na tisa, katika chumba cha darasa la tatu cha shule yetu ya Haulaku. Mumewe, Gaspar, alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Yeye alipiga ya kubaki na Indonesia. Wakatoka, wakarudi nyumbani kwa njia moja, wakala mahindi yaliyopikwa na boga, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Walikuwa wanajuana.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne wakati huo, na nyumba yetu ilikuwa ya tatu kutoka kwao. Mengi niliyaona kwa macho. Yaliyobaki nilisimuliwa na Etelvina mwenyewe miaka ya baadaye, tukipukuchua mahindi barazani kwake, maana alikuwa mtu wa kusimulia akiwa na kazi mkononi tu. Ukimwambia akae atulie azungumze, hasemi lolote.

Gaspar alikuwa karani wa kijiji. Alikuwa na sare ya kaki iliyopigwa pasi, na kila mwezi serikali ilimpa mshahara na gunia la mchele. Kaka yake Etelvina alikuwa porini na wapiganaji wa uhuru. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na mguu mmoja huku na mmoja kule, na kijiji kizima kilijua. Etelvina alikuwa akipeleka chumvi na betri za redio msituni, amezificha chini ya nguo chafu, akijifanya anakwenda mtoni kufua. Alidhani mumewe hajui.

"Kumbe alijua tangu mwanzo," aliniambia. "Kila mwisho wa mwezi alikuwa analeta chumvi mifuko mitatu. Sisi ni watu wanne, chumvi mifuko mitatu ya nini? Anaiweka jikoni, anasema, 'Leo dukani ilikuwa rahisi.' Miaka mitano, kila mwezi chumvi ilikuwa rahisi."

Watu wanne hao ni yeye na mumewe, binti yao Lindalva aliyekuwa na miaka tisa, na Builelo, mama yake Gaspar, bibi mfupi mwenye meno mekundu ya tambuu na ulimi ambao hata padri aliuogopa.

Niliwahi kumuuliza Etelvina uhuru ulikuwa kitu gani kwake siku ile anashika msumari wa kutobolea karatasi ya kura. Nilitarajia aniambie habari za bendera. Akasema, "Baba yangu walimchukua nikiwa na miaka minane. Waligonga mlango wakati tunakula. Tangu siku hiyo sikuwahi kula bila kusikiliza mlango. Nilitaka nile tu, niisikie ladha ya chakula."

"Na Gaspar yeye alitaka nini?"

"Alikuwa anaogopa siku ya pili yake. Alisema, 'Vina, siku ya kura itapita vizuri. Mimi naogopa kesho yake.' Na hapo hakukosea."

Matokeo yalitangazwa Jumamosi. Watu wengi mno, karibu wanne katika kila watano, walikuwa wamechagua kujitenga. Tulifurahi kimyakimya, majumbani, kama watu wanaoficha mgonjwa. Kufika Jumatatu moshi ulikuwa umeanza kuonekana upande wa bonde, na Jumatano malori yakaingia Haulaku mchana kweupe. Juu yake kulikuwa na wanamgambo waliojifunga vitambaa kichwani, wengine vijana tuliosoma nao. Waliamuru kila mtu apande avushwe mpaka Atambua, ng'ambo ya mpaka. Asiyetaka angeungua na nyumba yake.

Gaspar alikuwa ndani ya lori la pili. Alikuwa amekwishampakia Lindalva, amemkalisha juu ya magunia, na mama yake ameinuliwa na vijana wawili akawekwa pembeni. Etelvina alitoka nyuma ya nyumba, mikono ina unga.

"Panda," Gaspar akamwambia.

"Sipandi, Baba Linda."

"Vina, wanachoma mpaka pwani. Panda tu, mambo yakitulia tutarudi."

"Nikipanda hilo lori, basi kile nilichofanya pale shuleni kilikuwa mchezo."

"Hujanisikia. Nimesema wanachoma."

"Nimekusikia. Mteremshe mtoto."

Lindalva akaanza kulia anataka kushuka. Hapo kijana mmoja mwenye bunduki akageuka kuwatazama. Etelvina aliniambia kwamba aliona mambo mawili kwa pamoja: mtoto akishuka atakimbia naye porini, njaa na risasi zikiwa nyuma yao, na mtoto akibaki garini atakuwa na baba yake, mtu mwenye sare, hatapigwa risasi na mtu. Akamsogelea, akampangusa machozi, uso wa mtoto ukabaki na unga.

"Kaa na baba," akamwambia. "Mimi nitakufuata."

Wakati huohuo Builelo akaanza kupiga ubao wa lori kwa fimbo. "Nishusheni. Mume wangu kazikwa hapa, nani atamwekea maua siku ya wafu? Nishusheni, nyie watoto msio na adabu. Na huyu mwanamke mnamwacha peke yake hata viazi vya porini havijui, atakula vyenye sumu."

Wakamshusha, nadhani kwa kuchoshwa na kelele zake. Lori likaondoka. Gaspar hakupunga mkono. Alikuwa amemshika mtoto kwa mikono miwili.

Tulikaa milimani karibu wiki nne. Tuliporudi, Haulaku ilikuwa majivu na kuta nyeusi. Mabati yote yalikuwa yamebebwa. Mzee Abrão, jirani yetu fundi seremala, alikuwa na mwana mmoja tu, Zeferino, aliyekuwa akigawa vipeperushi vya kura. Siku ya malori alichukuliwa nyumbani kwao, na hakuonekana tena, si mzima si maiti. Mzee Abrão alitafuta kwenye visima, mitaroni, chini ya madaraja. Akaacha useremala.

Etelvina na mama mkwe wake walijenga kibanda cha makuti pale palipokuwa na jiko lao. Wakaanza maisha ya wanawake wawili wanaomkosa mtu mmoja.

Nafasi ya kwanza ya kuonana ilikuja miaka miwili baadaye. Watu wa Umoja wa Mataifa walipanga familia zikutane kule Memo, kwenye mto Malibaka ambao ndio mpaka. Kiangazi mto ule ni mawe matupu na vijito vya maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Askari walisimama pande zote mbili. Etelvina alivaa gauni la kuazima, akabeba ndizi za kukaanga na viatu alivyomnunulia Lindalva kwa kukisia. Nilikwenda naye, kwa sababu mama yangu naye alikuwa na dada yake ng'ambo.

Gaspar alikuja amekonda. Walisalimiana kwa mkono, kama watu waliokutana ofisini. Lindalva alisimama nyuma ya baba yake. Alikuwa amerefuka, viatu vikawa vidogo.

"Njoo, mwanangu," Etelvina akasema.

Mtoto hakuja. Akasema, "Ulisema utanifuata."

Etelvina akafungua kifurushi cha ndizi.

"Nilikaa pale lori linapoteremshia watu. Baba aliniita nikale, nikakataa. Nilikaa siku tatu. Ulisema utanifuata."

"Nimekuja sasa. Twende nyumbani. Bibi yako anakungoja."

"Na baba atabaki na nani?"

Etelvina akamgeukia mumewe. "Rudi basi, Baba Linda. Wengi wanarudi."

Gaspar akatazama ile ng'ambo yetu, milima na mashamba alikozaliwa. "Mzee Abrão yupo?" akauliza.

"Yupo."

"Basi mimi siwezi kurudi."

Hakueleza zaidi, na Etelvina hakumlazimisha. Aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipojua kuna jambo, akaona heri asilijue siku hiyo, kwa sababu muda waliopewa ulikuwa nusu saa, na nusu saa ni fupi. Alitumia iliyobaki kumtazama binti yake akila ndizi.

Tarehe ishirini Mei mwaka uliofuata, bendera yetu ilipandishwa. Tulikwenda mjini Maliana kushangilia, na Etelvina akamchukua mama mkwe wake. Watu walilia, walicheza, walikumbatiana na wasiowajua. Builelo alisimama na fimbo yake akaitazama bendera mpaka ikafika juu. Kisha akamgeukia mkwewe.

"Imepanda?"

"Imepanda, mama."

"Vizuri. Sasa iulize mwanangu anarudi lini."

Ndivyo walivyoishi. Kila jambo likienda kombo, Builelo alilikabidhi kwa uhuru. Paa likivuja: "Uhuru wako unavuja, binti wa watu." Mahindi yakiliwa na wadudu: "Waambie hawa kwamba nchi ni yetu sasa." Lakini ukimsema Etelvina vibaya mbele yake, utajuta. Mwanamke mmoja pale kisimani alithubutu kusema kwamba mke mwema angemfuata mumewe. Builelo akamjibu, "Mimi ndiye niliyemzaa huyo mume, nami sikumfuata. Au na mimi si mama mwema? Chota maji yako uende."

Habari za ng'ambo zilikuja na wachuuzi waliovuka mto na petroli na sabuni. Mwaka mmoja zilisema Lindalva amefaulu shule. Mwaka mwingine zikasema Gaspar ameoa mjane wa kulekule Atambua, na wana mtoto. Etelvina aliipokea habari hiyo akiwa anachambua maharage. Akamaliza kuchambua. Builelo ndiye aliyekataa kula siku mbili, akilaani huyo mjane na ukoo wake wote. Etelvina akambembeleza, "Kula, mama. Mtu hawezi kukaa peke yake miaka yote hiyo."

"Wewe mbona umekaa?"

"Mimi niko na wewe."

Bibi akala.

Nilikuwa nimekwisha kuolewa nilipomuuliza Etelvina kama hakuwahi kutamani kuvuka mto, amfuate tu. "Kila siku ya soko," akasema. "Nafika mpaka kwenye mawe. Kutoka pale mpaka Atambua hata si mbali. Halafu nakumbuka kaka yangu aliyefia porini, na chumvi yangu aliyokula. Nasema, nikivuka, nitakuwa nimemwambia alikufa bure. Nikibaki, nimemwambia mwanangu nilimdanganya. Basi nabaki pale kwenye mawe mpaka watu wanaanza kufunga soko, narudi."

Builelo alikufa mwezi wa Julai, miaka kumi na mitano baada ya malori. Kwetu, mama wa ukoo hawezi kushushwa kaburini pasipo mwana wa kwanza kuwapo. Wazee wa nyumba takatifu ya ukoo wakakaa, wakasema Gaspar lazima aje, na kwamba hawezi kuja pasipo mkeka kutandikwa, yaani mbele ya watu wote aseme alichokifanya. Na wakasema ruhusa si yao, ni ya Mzee Abrão.

Etelvina alikwenda mwenyewe kumwomba. Alimkuta nje, amekaa juu ya gogo ambalo hakuwahi kulipasua. Akambusu mkono, akakaa chini.

"Nimekuja kwa ajili ya mama," akasema.

"Nimesikia amepumzika. Alikuwa na maneno, lakini alikuwa akiniletea uji kila Zeferino alipotajwa kanisani. Mumeo anajua yaliyompata?"

"Sijui anajua nini, Baba Abrão. Sikuwahi kumuuliza."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kwamba atanijibu."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Mwambie aje. Ila akae hapo mkekani, anitazame."

Gaspar alivuka mto siku mbili baadaye, padri akiwa mbele na Lindalva nyuma. Nywele zilikuwa zimeota mvi. Mkeka mkubwa ulitandikwa uwanjani, wazee wakaweka tambuu na popoo katikati, na kijiji kizima kikazunguka. Etelvina alikaa upande wa wanawake. Binti yake, sasa mwanamke wa miaka ishirini na minne, mwalimu, alikuja akakaa karibu naye bila kuambiwa. Hawakugusana.

Gaspar akaulizwa. Akasema kwa sauti ndogo, ikabidi aambiwe arudie.

"Waliniuliza nyumba ya Zeferino ni ipi. Nikawaonyesha. Walisema wanakwenda kumpandisha lori kama wengine. Mimi nilitaka kuamini hivyo, kwa sababu nilikuwa nimemshika mtoto wangu, na wao walikuwa na bunduki. Njiani, tulipofika kule kwenye machimbo ya chokaa, wakamteremsha. Nilisikia. Walinipa sepeto mimi na mtu mwingine, tumfukie."

Watu wote walikuwa wakimtazama Mzee Abrão. Nilidhani atainuka ampige. Wengi tulidhani hivyo, na hakuna ambaye angemzuia.

"Sepeto walikupa wewe," akasema mzee.

"Ndiyo."

"Basi unajua alipo."

"Najua. Nililala mahali hapo kwa mawazo miaka yote hii."

"Nionyeshe."

Mkeka ukaachwa vilevile, tukaenda wote mpaka kwenye machimbo ya chokaa, mwendo wa saa nzima. Gaspar alitembea mbele. Alifika mahali, akasimama, akasogea kushoto hatua chache, akaonyesha. Vijana wakachimba. Mchana ule walipata mifupa, na mkanda wenye kifungio cha shaba ambacho Mzee Abrão alikitengeneza kwa mkono wake. Mzee alipiga magoti akaushika mkanda, akasema, "Nilikuwa nimepita hapa. Nimepita hapa mara ngapi."

Gaspar alikuwa bado amesimama. Mzee Abrão akamwambia bila kuinua uso, "Zika mama yako. Umenirudishia mwanangu, kwa hilo sitakudai damu. Ila ukimaliza, rudi ulikotoka. Sitaki niende sokoni kununua chumvi nikukute umesimama na wewe unanunua chumvi. Sitaweza."

"Nimeelewa," Gaspar akasema.

Tulizika watu wawili wiki ile. Gaspar alishuka kaburini akampokea mama yake, kama inavyotakiwa. Baada ya mazishi alikaa na Etelvina barazani mchana mzima, watu wakawaacha. Sijui yote waliyosema. Nilipopeleka kahawa, nilimsikia Etelvina akiuliza, "Huyo mwenzako anakupikia vizuri?" na Gaspar akajibu, "Chumvi anazidisha," na wote wawili wakacheka, kisha wakaacha kucheka kwa pamoja.

Kabla ya kuondoka, Lindalva alimwita mama yake kando.

"Njoo ukae na sisi, mama. Nina nyumba ya vyumba viwili. Bibi hayupo tena, hapa umebaki na nani?"

Etelvina akamtazama. Alitaka kumwambia, wewe ndiye ubaki. Alikuwa na maneno hayo mdomoni kwa miaka kumi na mitano, ameyapanga na kuyapangua. Lakini binti alikuwa na wanafunzi wake, na mchumba, na alikuwa anazungumza lugha yetu kama mgeni, akitafuta maneno. Aliona akimwambia abaki atakuwa amemng'oa mara ya pili.

"Nitakuja kukutembelea," akasema. Kisha akajisahihisha upesi. "Sisemi lini. Nikija utaniona. Sitaki kukwambia tena kitu halafu unisubiri."

Lindalva akamkumbatia hapo. Etelvina aliniambia kwamba hakujua aweke wapi mikono yake, maana mtoto aliyemwacha alikuwa anamfika kiunoni, na huyu alikuwa amempita urefu.

Alikwenda kweli. Alichukua hati ya kusafiria mjini, akavuka mara ya kwanza akiwa na miaka hamsini na miwili, akahudhuria harusi ya Lindalva, akakaa Atambua siku tisa. Siku ya kumi akarudi. Nilimuuliza kulikuwaje. Akasema wamempa chumba kizuri chenye feni, mkwe ana adabu, yule mjane aliyeolewa na Gaspar alimpikia na kweli chumvi alizidisha. "Lakini nilikuwa naamka asubuhi nasikiliza milima, haipo," akasema. "Na nikiwa hapa naamka namsikiliza Linda, hayupo. Basi nimejua sasa. Hakuna upande nitakaolala nikashiba."

Sasa ana mjukuu. Wanaongea kwa simu kila Jumapili baada ya misa, yeye kwa Kikemak, lugha yetu, na mtoto kwa Kiindonesia, na hakuna anayemwelewa mwenzake zaidi ya nusu. Uchaguzi ukifika, Etelvina ndiye wa kwanza kwenye foleni, amevaa gauni zuri. Mwaka jana nilikuwa nyuma yake. Kijana mmoja alikuwa analalamika kwamba kupanga foleni juani ni kupoteza siku, wanasiasa wote ni walewale. Etelvina hakumkemea. Alimsogezea mwavuli wake wakakaa chini yake wote wawili, akamuuliza yeye ni mtoto wa nani, na kama amekunywa chai.